Hadithi za Kale za Kisayansi kwenye Runinga kwa Fedha Kidogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watayarishaji wa Uganda

## Kabla ya kuanza

Mnaposema "hadithi za kale za kisayansi" mnamaanisha zipi?

Zile zilizoandikwa kati ya 1818, Mary Shelley alipochapisha Frankenstein, na miaka ya 1930. Ndani yake wamo Jules Verne, H. G. Wells, E. M. Forster na Karel Čapek. Tumeweka mpaka hapo kwa sababu mbili. Nyingi ya hadithi hizo hazidaiwi tena hakimiliki (tazama sehemu ya pili). Tena ziliandikwa kabla ya kompyuta, kwa hiyo mitambo yake ni ya mbao, shaba, kioo na nyaya, vitu ambavyo fundi wa Katwe, mtaa wa karakana jijini Kampala, anavijua kwa mikono yake.

Kweli inawezekana bila mamilioni?

Inawezekana, na ndivyo runinga yenyewe ilivyoanza. Tarehe 11 Februari 1938 BBC ilirusha dakika 35 za R.U.R., tamthilia ya Čapek iliyoupa ulimwengu neno "roboti". Ilichezwa moja kwa moja kutoka studio, bila kompyuta yoyote. Hapa kwetu, studio ya Wakaliga jijini Kampala ilitoa filamu yake ya mapigano mwaka 2010 kwa fedha ambazo wengine hutumia kwa chai ya siku moja, na dunia nzima ikaitazama.

Kinachoziua kazi nyingi za namna hii ni sauti mbovu, pamoja na skripti inayoahidi kitu ambacho kamera haiwezi kukionyesha. Ukosefu wa michoro ya kompyuta huja mbali nyuma ya hayo mawili.

Tuanze na hadithi ipi?

Chagua ile ambayo maajabu yake yamo kwenye hali ya watu, si kwenye mtambo. Kwa maoni yetu mpangilio ni huu:

"The Country of the Blind" ya Wells (1904) ndiyo rahisi kuliko zote. Mtu mmoja anaporomoka mlimani na kuangukia bonde ambalo watu wake wamekuwa vipofu kwa vizazi 14. Anadhani atakuwa mfalme. Wao wanamwona mgonjwa na wanataka kumtoa macho ili apone. Huhitaji chombo cha angani wala roboti. Unahitaji nyumba zisizo na madirisha, mlima na waigizaji wazuri. Bonde lolote chini ya Rwenzori au Elgon linatosha. Watafute waigizaji wasioona wenyewe, kwa kupitia chama cha kitaifa cha wasioona au matawi yake wilayani. Mwenye macho anayejifanya kipofu hupapasa hewani ovyo, na mtazamaji hugundua mara moja.

"The Machine Stops" ya Forster (1909) inafuata. Watu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja chumbani mwake, wakiongea kwa kupitia mtambo tu. Seti ni moja, na wahusika wakuu ni mama na mwanawe.

The Invisible Man ya Wells (1897) ni ya tatu. Inahitaji ujanja wa kamera, ila mhusika mkuu amefungwa bendeji karibu muda wote, na jambo hilo lina faida zake (tazama swali la mwisho).

Na ipi tuikwepe?

Chochote kinachotokea chini ya maji au mwezini. Verne anashawishi, maana riwaya yake ya puto ya 1863 inaanzia Unguja na kupita juu ya ziwa letu la Nyanza (Viktoria). Lakini puto linaloonekana kweli ni gharama, na Waafrika wa kitabu hicho wameandikwa kwa dharau. Mkiipenda sana, igeuzeni: kamera ibaki ardhini na wanaolitazama puto likipita, puto lenyewe liwe kivuli kinachotambaa juu ya mashamba ya migomba. Hapo mmeokoa fedha na heshima kwa pamoja.

## Hakimiliki

Tunahitaji kumlipa mtu?

Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 iliweka ulinzi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake.  Verne alifariki 1905, Čapek 1938, Wells 1946, wote wamepita. Isaac Asimov alifariki 1992 na Arthur C. Clarke 2008, hao bado, msiwaguse bila mkataba. Kabla ya kutumia fedha, mwulizeni afisa wa URSB, ofisi ya serikali inayosajili hakimiliki, kama kipindi hicho kimerekebishwa.

Angalieni pia tafsiri. Hadithi inaweza kuwa huru huku tafsiri yake ya Kiingereza au Kiswahili ikiwa na mwenyewe. Fanyeni tafsiri yenu kutoka maandishi ya awali. Čapek aliandika Kicheki, kwa hiyo kwake tafuteni tafsiri ambayo nayo imeshapitwa na muda.

Ikiwa huru Uganda, ni huru pia YouTube?

Hapana, na hapa ndipo wengi hunaswa. Uingereza huhesabu miaka 70 baada ya kifo. Marekani, kwa vitabu vilivyochapishwa zamani, huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa. "The Machine Stops" ni mfano mzuri: Forster alifariki 1970, kwa hiyo kwa hesabu ya miaka 50 hadithi ni huru hapa tangu 2021. Marekani ni huru kwa sababu ilichapishwa 1909. Uingereza italindwa hadi mwisho wa 2040. Kituo cha runinga cha Kampala hakina shida nayo. Mkiipandisha mtandaoni, fungieni watazamaji wa Uingereza kwenye mipangilio ya video.

Kinyume chake, kitabu cha Wells cha 1933, The Shape of Things to Come, ni huru Uganda na Uingereza, lakini Marekani hadi mwisho wa 2028 bado.

Tumeona filamu iliyotengenezwa kutokana na hadithi yetu. Tunaweza kuiga mwonekano?

Msiige. Hadithi ni huru, filamu huenda si huru. Kichwa bapa na misumari shingoni mwa kiumbe wa Frankenstein vilitoka kwenye filamu ya 1931, Shelley hakuandika hivyo. Sahani kubwa inayozunguka nyuma ya mashine ya kusafiria wakati, ile ya The Time Machine ya Wells, ni ya filamu ya 1960. Wells alitaja nikeli, pembe za ndovu na vipande vya kioo cha jiwe. Fuateni maandishi na mtakuwa salama, na mara nyingi maandishi ni mazuri zaidi.

## Skripti na lugha

Tuhamishie hadithi Uganda au tuiache London?

Hamisheni. London ya 1897 ni seti msiyoweza kuilipia, na kuhama kwenyewe huizalia hadithi maana mpya. Mtu asiyeonekana wa Wells anafika nyumba ya wageni wakati wa theluji akiwa na koti, kofia na glavu. Mpelekeni Kabale mwezi wa saba: baridi ya kule inatosha kumfanya mwenye nyumba asimuulize chochote siku ya kwanza.

The War of the Worlds (1898) ndiyo inayopata faida kubwa. Wells mwenyewe, kwenye sura ya kwanza, anawakumbusha Waingereza walichowafanyia wenyeji wa Tasmania kabla ya kuwalaumu wavamizi wa sayari ya Mirihi. Msomaji wa Uganda halihitaji somo hilo, analijua kwa babu zake. Mwishoni wavamizi wanauawa na vijidudu. Sasa fikirieni: virusi vya Zika viligunduliwa 1947 katika msitu wa Zika, kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe. Mgeni wa Mirihi akianguka hapo, hadithi imejimaliza yenyewe.

Kitu kimoja msikibadilishe: kanuni ya hadithi. Kama asiyeonekana lazima awe uchi ili asionekane, basi na wenu apigwe na baridi ya Kabale. Mkimpa vazi la kichawi, mmetoka kwenye sayansi na kuingia kwenye hekaya.

Kwa nini Kiswahili, wakati Kampala inaongea Kiluganda?

Kwa sababu ya soko na mipaka. Sehemu moja ya kipindi, ikiwa ya Kiswahili, inaweza kuuzwa Nairobi, Dar es Salaam, Goma na Bujumbura bila kurekodi upya. Hapa nyumbani wasikilizaji wapo Arua, Busia, Malaba, Mutukula na kwenye kambi za wakimbizi. Katiba inakitambua kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005.

Shida ni waigizaji. Wengi wa Kampala wanakielewa lakini hujikwaa kwenye upatanisho wa ngeli na hubadilisha "l" na "r". Msikalie lafudhi, ni ya kwao na ni ya kweli. Kalieni ngeli: "mashine kimeharibika" humtoa mtazamaji wa Mombasa kwenye hadithi. Wekeni siku mbili za kusoma skripti mezani, pamoja na mtu mmoja anayesikiliza lugha tu, na sentensi zisizidi maneno kumi na mawili.

Sehemu moja iwe na urefu gani?

Kwa nafasi ya nusu saa, dakika 22 hadi 24, zilizobaki ni za matangazo. Ukurasa mmoja wa skripti ni karibu dakika moja. Kikundi kidogo kinaweza kurekodi kurasa nne au tano kwa siku katika seti moja. Mkirekodi mahali pawili kwa siku, hesabuni kurasa tatu.

## Seti, maleba na vifaa

Chumba cha chini ya ardhi tunakijengaje?

Forster anakieleza kuwa na pande sita kama tundu la nyuki. Karatasi ya plaiwudi ni futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22. Mkiweka karatasi moja kwa kila upande mtapata chumba cha mita 2.1 kati ya ukuta na ukuta, na kamera haitaingia. Wekeni mbili kwa upande: chumba kinakuwa mita 4.2. Kisha jengeni pande nne tu, yaani karatasi 8, na kamera ikae kwenye pande mbili zilizo wazi. Mkitaka kuonyesha upande wa nyuma, mhamisheni mwigizaji na kiti, si kuta.

Fremu ni za mbao za inchi 2 kwa 2 kutoka Ndeeba, Kampala. Ungeni kuta kwa bawaba, ili zikunjwe na kupakiwa kwenye lori dogo, na mzibe viungo kwa utepe wa turubai kabla ya rangi. Forster anasema chumba kina mwanga bila dirisha wala taa. Tandazeni shuka nyeupe juu iwe dari na muweke taa mbili za LED juu yake zikielekea chini, angalau sentimita 60 kutoka kwenye kitambaa. Msitumie balbu za halojeni hapo: shuka hushika moto.

Rangi iwe ya kijivu isiyong'aa. Rangi ya fedha huonekana kama karatasi ya kufungia chakula, na rangi ya mafuta huakisi kila taa mliyonayo.

Trei za mayai ukutani je?

Zitaonekana kama trei za mayai. Kila mtu amewahi kununua mayai. Nendeni soko la vipuri la Kisekka mkatafute vile ambavyo macho hayavitambui haraka: mapafu ya rejeta, vifuniko vya klachi, mabomba ya egzosi yaliyokatwa. Jaribio ni rahisi: mwonyeshe mtoto, akikitaja kwa jina, kiondoe.

Mashine ya wakati?

Fremu ya baiskeli ya zamani, kiti cha pikipiki, na shaba ya mabomba. Kwa pembe za ndovu alizotaja Wells, tumieni pembe za ng'ombe wa Ankole. Mafundi wanazisugua hadi zinang'aa kama pembe za ndovu, na hazimpeleki mtu gerezani. Tengenezeni wenzo uwe na uzito wa kweli, mwigizaji akiuvuta misuli ionekane.

Maleba ya wanajeshi wa siku zijazo?

Hapa kuwa makini kuliko mahali pengine popote. Raia hawaruhusiwi kuvaa wala kumiliki sare za UPDF, jeshi la Uganda, au zinazofanana nazo, na bereti nyekundu iliwekwa kwenye orodha ya mavazi ya jeshi mwaka 2019. Hata koti la madoadoa lililonunuliwa mitumba katika soko la Owino linaweza kuwalaza watu kituoni. Vaeni ovaroli za fundi za rangi moja, kijivu au hudhurungi, zenye mkanda mpana. Bunduki za kuigizia ziwe na umbo lisilofanana na silaha halisi, na zisafirishwe zikiwa zimefunikwa.

## Kamera na ujanja

Mtu asiyeonekana tunamfanyaje?

Fungeni kamera kwenye stendi na msiiguse tena. Kwanza rekodini sekunde 20 za chumba kitupu. Kisha mwigizaji aingie akiwa na kofia ya kitambaa cha kijani inayofunika kichwa chote, glavu za kijani na nguo za kawaida. Kwenye uhariri, futeni kijani na muweke picha ya chumba kitupu chini yake. Kinachosahaulika ni ndani ya kola: kichwa kikifutwa, mtazamaji anatakiwa aone sehemu ya nyuma ya kola. Rekodini shati hilo peke yake likiwa limening'inizwa, kwa pembe ile ile na mwanga ule ule, mpachike kipande hicho.

Hitilafu kubwa ni mwanga kubadilika kati ya picha mbili. Wingu likipita dirishani, rekodini tena chumba kitupu. Zibeni dirisha kabisa ikiwezekana, na zimeni uwezo wa kamera wa kujirekebishia yenyewe mwangaza na fokasi.

Kwa kikombe kinachoelea, uzi wa nailoni wa kuvulia wa milimita 0.25 unatosha. Uzi huonekana unapong'aa, kwa hiyo upakeni rangi ya maji iliyofifia inayofanana na ukuta.

Kitambaa cha kijani tunachotundika nyuma ya mwigizaji, ili tukifute na kuweka picha nyingine, kinatuachia kingo mbovu. Kwa nini?

Mara nyingi ni kwa sababu mwigizaji amesimama karibu mno na kijani kinamrukia mabegani. Asimame mita 2 mbele yake. Kitambaa kipigwe pasi na kiwe na taa zake mbili, tofauti na za mwigizaji. Simu pia hubana rangi sana inaporekodi, hivyo nywele hukatika vipande. Gomesi au kanzu yenye mng'ao huakisi kijani. Hapo tumieni kitambaa cha bluu. Na kama mnaweza kwenda mahali penyewe, nendeni. Machimbo ya zamani ya shaba ya Kilembe yana mwonekano wa dunia iliyokwisha ambao hakuna kitambaa kitakachowapa.

Mitambo ya Mirihi yenye miguu mitatu?

Mfano mdogo wa mabati na spoku za baiskeli. Kitu kidogo hujulikana kuwa kidogo kwa mwendo wake, hivyo rekodini kwa kasi na mcheze polepole. Kanuni: chukueni kipimo cha mfano, mtafute kipeuo chake cha pili, mzidishe kwa 25. Mfano wa 1 kwa 16 unahitaji fremu (picha moja moja za video) 100 kwa sekunde. Wa 1 kwa 4 unahitaji 50. Tundu la lenzi lifungwe hadi f/11 au zaidi, yaani liwe dogo, ili kila kitu kiwe wazi, na hapo mtahitaji mwanga mwingi, kwa hiyo rekodini nje juani. Maji na moto havidanganyi kwa kipimo, viepukeni.

Afadhali zaidi: onyesheni mguu mmoja, vumbi, na sauti. Mara tatu katika sehemu nzima inatosha.

Kuna mistari inayotambaa kwenye picha tukiwa ndani.

Umeme wetu ni wa hezi 50 na simu yenu inarekodi fremu 30. Wekeni fremu 25 na shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde. Simu ikikataa fremu 25, acheni 30 lakini shata ibaki 1/50. Taa nyingine za LED za bei ya chini bado zitapepesa, hasa kwenye picha za fremu 100. Zijaribuni kabla ya kuzinunua, palepale dukani, kwa simu.

## Jua, mvua na sauti

Saa gani nzuri kurekodi nje?

Saa moja hadi saa nne asubuhi, na saa kumi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Jua la adhuhuri kwenye ikweta huwa juu ya utosi na kufanya macho kuwa mashimo meusi. Kwa wavamizi ni sawa, kwa wapenzi hapana. Baada ya jua kuzama mna takribani dakika 20 za mwanga wa bluu, basi. Fanyeni mazoezi ya picha hiyo kabla.

Mvua ikija?

Kusini mwa nchi tegemeeni mvua Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Tatizo ni mabati: mvua ikianza, sauti imekwenda. Tafuteni nyumba yenye vigae au dari nzito. Ikishindikana, panga siku hiyo picha zisizo na maneno.

Jenereta iwekwe mita 50 mbali, nyuma ya ukuta. Maikrofoni ndogo ya kifuani ni bora kuliko ile ya juu ya kamera, hata kama kamera ni ya bei. Kila mahali rekodini sekunde 30 za ukimya wa hapo, mhariri atawashukuru. Mkifunga kuta kwa magodoro na mablanketi, fungeni zile ambazo kamera haizioni.

## Vibali

Tumwone nani?

Anzeni na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, kisha kituo cha polisi cha karibu, hasa kama kuna silaha za kuigizia au kelele usiku. Barabara na bustani za Kampala ni za KCCA, mamlaka ya jiji. Ndani ya hifadhi za taifa kama Rwenzori na Elgon ni UWA, mamlaka ya wanyamapori. Misitu kama Mabira ni NFA, mamlaka ya misitu. Droni inahitaji idhini ya mamlaka ya anga, UCAA, msiirushe kwa kubahatisha karibu na Entebbe. Baraza la Vyombo vya Habari lina mamlaka ya kukagua filamu za kuonyeshwa hadharani. Barua zote zibebwe zikiwa zimechapwa. Karatasi yenye muhuri husikilizwa kuliko simu.

## Baada ya kurekodi

Midomo na sauti vinaachana kadiri video inavyosonga.

Simu hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika-badilika. Badilisheni faili zote ziwe fremu 25 thabiti kabla ya kuanza kuhariri. Mkishahariri, kurekebisha ni adhabu.

Kituo kinataka nini?

Ombeni masharti yao kwa maandishi, kwa sababu hutofautiana. Kwa kawaida ni picha ya mistari 1080, fremu 25. Sauti wengi hutaka karibu na -23 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti. Manukuu yasizidi mistari miwili ya herufi 42. Hifadhini nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine.

VJ, yaani msimuliaji anayetafsiri filamu kwa sauti yake, anaweza kuitafsiri kwa Kiluganda badala ya manukuu?

Anaweza, na kwa kibanda cha video ndiyo njia bora. Ila mpeni faili mbili za sauti: moja ya maneno, nyingine ya muziki na milio peke yake. Mkimpa iliyochanganywa, atalazimika kushusha kila kitu anapoongea, na mguu wa Mirihi utakanyaga bila mshindo.

Mwigizaji mkuu akiacha kazi katikati?

Kama mnacheza mtu asiyeonekana, mmebahatika: yeyote mwenye urefu ule ule akifungwa bendeji anaendelea, na sauti inawekwa baadaye. Ndiyo maana siku ya kwanza andikeni urefu wake, saizi ya viatu, mkono anaoutumia na mwendo wake, na mpige picha jinsi bendeji ilivyofungwa, upande kwa upande. Kwa hadithi nyingine, rekodini kwanza matukio yake yote hata kama ni ya mwisho wa hadithi, na malipo ya mwisho yatolewe siku anapomaliza kurekodi sauti za marekebisho, si siku anapovua maleba.